Kidole Chini ya Barakoa

Ndugu zangu, leo nawaletea mama mmoja aliyechoka. Kazi yake ilikuwa kupima pumzi za wakimbiaji wa mbio ndefu, kule milimani kwenye kambi yao, na hakuna aliyekwenda mashindano ya ng'ambo bila kupitia kwake. Unapanda mashine ya kukimbilia, unavalishwa barakoa ya mpira inayobana pua na mdomo, na bomba linatoka hapo mpaka kwenye kompyuta. Mashine inaongezwa mwendo, inainuliwa kama mlima, nawe unakimbia mpaka miguu ikatae. Pale mwisho kabisa ndipo inapoonekana mwili wako unaweza kutumia oksijeni kiasi gani. Ila barakoa isivuje! Hewa ikipita pembeni, kompyuta haiioni.

Sasa kulikuwa na kijana mmoja, bingwa wa kupanda milima, mazoezini hakuna aliyemfikia. Mama alitaka sana huyu aende. Wiki ya kwanza akampima. Dakika ya nane namba zikaporomoka, zikawa za mtu anayekimbilia basi!

"Barakoa yako mbovu, mama," kijana akasema huku anahema. "Haikai usoni."

Mama akaagiza nyingine. Wiki ya pili, yale yale. "Hii nayo kubwa mno." Akatafuta ndogo. Akafungua mabomba akayaosha moja moja, akapanda mashine yeye mwenyewe na magoti yake yale mabovu ili aijaribu, akakuta haina kasoro. Jamani, nani hapa hajawahi kuhangaika hivyo kwa ajili ya mtu, na mwenyewe anakutazama tu?

Wiki ya tatu ndiyo ilikuwa ya mwisho, majina yalitakiwa saa sita mchana. Safari hii mama hakuitazama kompyuta, alimkazia macho kijana. Dakika ya saba, mlima umeanza kuwa mkali, akaona mkono unapanda polepole, kidole kimoja kinaingia chini ya barakoa na kuiinua. Hewa ikatoka fyuu!

Akazima mashine. Alikasirika kweli kweli.

"Wiki tatu! Wiki tatu unanizungusha mimi, mtu mzima! Kama unakosa hewa si useme?"

"Sikosi hewa, mama."

"Ila nini?"

Kijana akashuka, akakaa sakafuni, jasho linamchuruzika. "Kila mtu ananiita bingwa. Ikivuja na namba ikawa ndogo, kosa ni la barakoa. Isipovuja na namba ikawa ndogo, basi ni mimi."

Mama akatazama saa, muda wa kumpima upya haukuwepo. Saa sita ikafika, akapeleka namba aliyokuwa nayo, na kijana akabaki kambini. Kinachouma ni kwamba mpaka leo hakuna anayejua pumzi yake ni kiasi gani, hata yeye mwenyewe.

Mnacheka? Haya, tuulizane. Sisi tunaoomba kila Jumapili Mungu aipime mioyo yetu, tunaungamaje? "Nimemtukana mke wangu, lakini na yeye ana mdomo." "Sisemi na jirani, lakini yeye ndiye aliyeanza." Hiyo "lakini" ni nini, kama si kidole? Tukibanwa, kwaya haina mvuto, mahubiri marefu, mchungaji hana upako. Mmeshabadilisha wachungaji watatu hapa, mimi ni wa nne! Nawaambia kwa uchungu, nimechoka kuwatafutia barakoa inayowatosha.

Na tunamwogopa nani? Yule mama alipima ili achague wachache na kuwaacha wengine. Bwana hapimi hivyo. Hiyo namba yako ndogo unayoificha aliijua kabla hajakuita, na akakuita hivyo hivyo. Kwa hiyo kabla hatujasimama kuomba, kila mmoja wetu, na mimi nikiwemo, ashushe mkono wake.