Kibuyu cha Tatu

Sogeeni mekoni, wanangu. Kisa hiki kinaniwasha koo.

Hapo kale, mlimani kwetu, Bibi Nakiete alitundika vibuyu vitatu mtini, na ukungu ukavijaza maji. Cha kwanza ni cha mgeni, cha pili cha nyumba, cha tatu humwagwa mizizini, mti nao unywe.

Akaja mgeni kutoka bondeni. Akanywa cha kwanza. Akanywa cha pili. Akashika cha tatu.

"Hicho cha mti, baba," Bibi akasema.

"Mti nao una kiu gani?"

Bibi akaona haya kumnyima mgeni, akamwachia. Mgeni akanywa. Ukungu wote ukamfuata bondeni, usirudi tena, na msitu wetu wa mlimani ukakauka.

Mwaka uliofuata akaja, kanenepa, akatuuliza: "Msitu mmeufanya nini?"

Nasi, kwa adabu zetu, tukampa kiti.

Kisa kimekaukia hapo, pamoja na vibuyu.