Paja la Punda Milia na Walezi Wawili

Paukwa!
— Pakawa!
Sauti gani hiyo, mnaumwa? Paukwa!
— Pakawaaa!
Haya. Nyosheni miguu, mkae vizuri.

Hapo kale, mito haijapewa majina, Punda Milia alikaa ukingoni mwa mto. Mama hana, baba hana. Ana walezi wawili. Mmoja Kiboko, akimwita Shangazi. Wa pili Kenge, akimwita Mama Mdogo. Hao wawili, jamani! Wakisalimiana wamegombana, wakinyamaza wamegombana.

Siku moja harusini kwa Ngiri ngoma ikakolea. Punda Milia akacheza. Akaruka, akarusha teke, akaruka tena. Paja likalia: pwa! Akaanguka. Kuinuka, mguu hautaki.

Ilikuwa balaa. Kwa nini balaa? Nyasi zimekwisha. Bado siku kumi kundi la ndugu zake lihame, liende bonde la mbali, mwendo wa kutwa. Asiyeweza kutembea anabaki. Na anayebaki, anabaki na Fisi.

Fisi alishasikia. Akaja kutoa pole.

"Pole, shemeji. Paja limevimba?"

"Kidogo tu."

"Usilisumbue. Liache linone."

Akajikalia pale pale. Hakuondoka.

Mama Mdogo Kenge akaja mbio, shwa, shwa, shwa. "Moto! Paja linataka moto! Twende kwenye jiwe langu!"

Na kwao, mlezi akikuletea dawa husemi sitaki. Ukisema sitaki umemvunjia heshima. Punda Milia akalala juu ya jiwe, jua la mchana, jiwe linawaka. Paja likavimba ti! Likawa kama chungu. Linapwita, pwi, pwi, pwi.

Shangazi Kiboko akaibuka majini. "Nani kamchoma mtoto wangu? Paja limeumia sasa hivi, lina moto wake ndani, wewe unaongeza moto! Mlete huku!"

Punda Milia akaingia mtoni, chubwi. Aaa! Ubaridi ule. Siku ya pili, siku ya tatu, uvimbe ukanywea.

"Mmeona?" Kiboko akajisifu. "Mmeona mimi ni nani?"

Yangeishia hapo. Lakini Kiboko akishinda hajui kuacha. Akamweka majini siku ya nne. Siku ya tano. Siku ya sita. Na juu ya hayo anamkanda kwa kidevu, gandamiza, gandamiza.

"Shangazi, unaniumiza."

"Dawa lazima iume!"

"Shangazi, hilo ni paja, si udongo wa kufinyangia."

"Unanifundisha kazi? Mimi niliyekulea?"

Punda Milia akavumilia. Paja likapoa, likakakamaa, kakaka, kama gogo.

Kenge akatoa ulimi, akacheka. "Nilisema mimi! Umemgandisha mtoto!"

"Wewe ulimwivisha!"

"Na matanga ya mume wangu ulikuwa wapi? Ulikuja?"

"Nilikuja! Hukuniona, ulikuwa unakula!"

Ee! Kutoka kwenye paja wamefika matangani. Kutoka matangani wakafika mwaka wa mafuriko, nani alichukua ufukwe wa nani. Paja limesahaulika.

Fisi akasema, "Endeleeni, mama zangu. Msikatizane."

Bado siku nne. Punda Milia kalala, hana la kufanya, anawatazama. Anatazama tu. Akaona jambo.

Asubuhi, Kiboko, yule wa baridi, katoka majini. Kalala mchangani, anaota jua, macho kafumba, raha mustarehe. Mchana, Kenge, yule wa moto, kashuka jiweni. Kajitupa mtoni, chubwi!

Punda Milia masikio yakamsimama. Akauliza.

"Shangazi, mbona ulikuwa unaota jua?"

"Nikikaa sana majini viungo vinakaza, mwanangu."

"Na wewe, Mama Mdogo, mbona uko majini?"

"Mgongo unawaka! Wataka niungue?"

Wakatazamana hao wawili, kila mmoja akageuza uso.

"Kumbe nyote mnatumia yote mawili," akasema Punda Milia. "Mnajuaje saa ya hili na saa ya lile?"

"Mwili wenyewe unasema," akajibu Kiboko.

"Na wangu, mmeuuliza?"

Punda Milia hajapata kuwapangia walezi wake jambo hata siku moja. Akasema hivyo hivyo, "Shikamooni, walezi wangu. Msinikasirikie. Kuanzia leo paja nalisemea mimi. Nikisema inauma, mnaacha."

Kiboko akapuliza maji, bwi, bwi, bwi. Kenge akakuna shingo. Mwisho Kiboko akasema, "Haya. Sema."

Basi Punda Milia akaanza na jiwe, jua changa la asubuhi, lile la vuguvugu. Paja likalainika. Kiboko akamkanda, polepole.

"Hapo?"

"Hapo."

"Na hapo?"

"Ai! Hapo hapana."

Akaacha. Mara ya kwanza Kiboko kuacha!

Kisha hatua kumi, apumzike. Hatua ishirini, apumzike. Paja likipata moto kwa kutembea, analichovya majini kidogo, anatoka. Siku ya tisa akafika kwenye kichuguu, akarudi.

"Shemeji, usijichoshe," Fisi akasema. Sauti imekauka.

Siku ya kumi kundi likang'oka. Punda Milia yuko nyuma, anachechemea, tiki-ta, tiki-ta. Fisi yuko nyuma yake. Jua likapanda. Paja likaanza kukaza. Kundi linakwenda, linakwenda, linapotea vumbini. Aseme? Aibu. Asiseme? Fisi.

Akapaza sauti, "Jamani! Paja linakaza! Nisubirini!"

Kundi likasimama. Likarudi. Likamzunguka duara. Katikati ya duara Punda Milia akanyosha mguu, akaukunja, akaunyosha, akapumzika kivulini mwa ndugu zake. Kisha akainuka. Jioni wakaingia bondeni, nyasi hadi magotini.

Na Fisi? Alikuwa amechutama siku tisa bila kujinyosha, akingoja nyama. Safari ile ikammaliza. Alipogeuka kurudi, kiuno kikalia: kwa! Mpaka leo anatembea kiuno chini. Hakumwambia mtu panapomuuma.

Sasa sikieni, wadogo kwa wakubwa. Ukiumwa, sema panapouma, hata mbele ya aliyekulea. Na wewe unayeuguza, mwulize mgonjwa kwanza, ugomvi wako uweke nje.

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye ganzi ainuke ajinyoshe.