Mimba ya Bwana Vuai

Paukwa!

— Pakawa!

Hapana, hizo ni sauti za watu waliolala na njaa. Tena. Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini? Pakawa kuku. Kuku akataga yai. Yai likaingia kikaangoni, likanukia nyumba nzima. Haya, nani alile?

— Mwenye njaa!

Basi ninyi mna akili kuliko Bwana Vuai. Kaeni vizuri niwaeleze. Na wewe uliyeshika kashata, gawa au ficha, usinitie mate mdomoni.

Hapo zamani, zamani za miiko mingi kuliko sahani, palikuwa na mji nyuma ya mashamba ya mihogo. Katika mji huo aliishi mkulima, jina lake Bwana Vuai, na mkewe Mize. Wakakaa, wakakaa, Mize akapata mimba. Vigelegele vikapigwa, na vilipokwisha, miiko ikaanza.

Desturi ya mji huo ilikuwa hivi: chakula kikiwekwa mkekani, mwenye nyumba humsomea mke mjamzito miiko yake. Na Bwana Vuai alikuwa hodari wa kusoma miiko! Alinyoosha shingo, akafumba macho, akaimba:

Yai usile, mwana atatoka kipara.
Samaki usile, mwana atatoka macho kodo.
Kuku usile, mwana atapekua jalala.
Mchuzi unakutosha, mke wangu, kunywa polepole.

Na kile chakula cha mwiko, je? Kinatupwa? Haramu! Kinaliwa na baba.

Mize akikaanga mayai, Bwana Vuai anaimba, mayai anakula yeye. Mize akipaka samaki nazi, Bwana Vuai anaimba, samaki anakula yeye. Mize akichinjiwa kuku na mama yake, akaletewa mpaka mlangoni, kuku wa mapenzi kabisa, Bwana Vuai anaimba, kuku anakula yeye. Firigisi ndiyo usiseme. Mize anabaki na wali na mchuzi, na mchuzi wenyewe unaona mpaka chini ya bakuli.

Mwezi ukaandama, mwezi ukafa. Mize akaanza kudhoofu.

— Bwana, kichwa kinanizunguka.

— Uzembe. Kachote maji, kitapoa.

— Bwana, magoti yananiishia nguvu.

— Uzembe. Tembea, yatanyooka.

— Bwana, naona giza.

— Uzembe. Fungua dirisha.

Msicheke hapo. Hapo mimi sicheki.

Asubuhi moja akapita Bi Mboja, mkunga wa mji, mwanamke mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Akamkuta Mize ameegemea ukuta, mtungi uko chini, maji yamemwagika. Akamketisha, akamvuta kope ya chini, akachungulia. Ndani palikuwa peupe.

— Damu imekupungukia, mwanangu. Siku ya uchungu inataka nguvu, na wewe huna. Ukivuja kidogo tu siku hiyo, tutakukosa. Na mtoto tutamkosa. Unakula nini?

— Mchuzi, Bi.

— Wa nini?

— Wa vitu alivyokula Bwana Vuai.

Bi Mboja akasonya sonyo refu, mpaka kuku wakatoka uani. — Kula kwa siri, basi!

— Siwezi, Bi. Bwana anajua kila kuku anatagia wapi. Tena nikila kwa siri, mtoto akatoka na nywele chache, na watoto wote hutoka na nywele chache, atasema ni mimi niliyemharibu.

Chumbani ukasikika mkoromo. Jua limeshapanda, na Bwana Vuai bado amelala chali, tumbo limeinua shuka. Mize akamtazama. Akalitazama lile tumbo. Akatabasamu, mara ya kwanza mwezi mzima.

— Bi Mboja, rudi kesho. Ukija, usiseme neno. Na tafadhali, usicheke.

Sasa sikilizeni. Katika mji huo watu wote walijua kwamba mimba ina ukaidi. Mara nyingine humwangukia mume. Mke anakaa zake vizuri, mume ndiye anatapika, mume ndiye anasinzia, mume ndiye anatamani vitu vichachu. Hata hapa tulipo wapo. Baba Mwatima, usiangalie pembeni, ni wewe uliyekula maembe mabichi mkeo alipokuwa mzito.

Kesho yake Mize akamwuliza mumewe kwa sauti ya asali:

— Bwana, siku hizi mbona unalala mchana?

— Uchovu tu.

— Na jana uliomba ukwaju.

— Samaki walikuwa na mafuta.

— Na kikoi hakifungi tena.

Bwana Vuai akashika kiuno. Kweli, kikoi hakifungi. Ndipo Bi Mboja akaingia. Akamshika Mize tumbo, akasema, — Mh. Akamshika Bwana Vuai tumbo, akasema, — Mh! Akaweka sikio kwenye kitovu chake, na yale mayai ya asubuhi yakanguruma humo ndani. Akasema, — Mmmh!

Akachukua ukaya wake, akajifunika kichwa, akaondoka mbio. Alikwenda kuchekea kwake.

— Mize, amesema nini?

— Hakusema, Bwana. Wewe umeelewa nini?

Bwana Vuai akakaa chini taratibu, mkono mmoja kiunoni. Alichokuwa ameelewa, akaamini.

Siku za mwanzo alifurahi sana. Alipita njiani akitembea kama bata. Wanawake wakamwekea kigoda kisimani, wakamwuliza kama analala vizuri. Mambo yakaharibika wakati wa kula. Mize akaleta mayai ya kukaanga na vitunguu. Bwana Vuai akanyoosha mkono. Mize akaupiga kwa upawa, pa! Akanyoosha shingo, akafumba macho, akaimba:

Yai usile, mwana atatoka kipara.
Samaki usile, mwana atatoka macho kodo.
Kuku usile, mwana atapekua jalala.
Mchuzi unakutosha, mume wangu, kunywa polepole.

— Lakini Mize...

— Unataka mtoto wetu awe kipara?

Hakutaka. Akanywa mchuzi. Mize akala mayai. Kesho Mize akala samaki, mpaka kichwa akakifyonza. Keshokutwa Mize akala kuku, na firigisi akaitafuna polepole, mume akimwangalia. Mashavu yakamrudi. Mtoto tumboni, aliyekuwa ametulia mno, akaanza kupiga mateke.

Bwana Vuai naye akaisha. Jembe likawa zito. Akilima tuta, analiegemea jembe. Akiinama, nyota. Akirudi nyumbani anashika kila mti wa njiani. Siku moja akafika mlangoni akaanguka kitako.

— Mize, kichwa kinanizunguka.

— Uzembe. Kachote maji, kitapoa.

— Mize, magoti yananiishia nguvu.

— Uzembe. Tembea, yatanyooka.

— Mize, naona giza!

— Uzembe. Fungua dirisha.

Maneno hayo Bwana Vuai aliyajua. Yalikuwa yake. Akalia, mtu mzima na ndevu zake.

— Miiko hii inaua mtu, Mize!

Mize akaweka sahani chini.

— Inaua, Bwana. Kabla yako ilikuwa inaniua mimi. Na mimi nilikuwa na mtu ndani.

Bwana Vuai akaona aibu, aibu ya kweli, ile ya kuinamisha kichwa. Bi Mboja, aliyekuwa uani akikuna nazi, akachungulia.

— Na hii mimba yangu, Bi? — akauliza Bwana Vuai kwa sauti ndogo.

— Mimba iko palepale, kwa mkeo. Kwako palikuwa na mayai.

Siku ile Bwana Vuai alikaanga mayai mwenyewe. Yaliungua. Akampa Mize, na Mize akamkatia nusu. Kisha akajikongoja mpaka barazani kwa wanaume wenzake, akawaeleza yote, bila kuficha hata habari ya kile kigoda cha kisimani. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Walipotulia, wakaogopa, kwa sababu kila mmoja alimkumbuka mkewe. Wakapitisha sheria: atakayetangaza mwiko, auanze yeye mwenyewe, mbele za watu, mpaka mwezi uandame.

Basi mji ukawa kimya! Miiko ikakosa wa kuisema.

Siku za Mize zikatimia. Uchungu ukaja, na nguvu zikawapo. Akazaa mtoto wa kike, sauti kama tarumbeta. Watu wakamiminika kuchungulia kichwa. Nywele zilikuwa chache, kama za watoto wote.

Akaja Shangazi Fatu kutoka mji wa mbali, kumlea mzazi. Alikuwa hajasikia habari. Alipoona Mize anamweka mtoto titini, akapiga kelele.

— Ngoja! Maziwa ya kwanza haya ya njano, yamechacha! Ni mwiko! Kamueni mmwage, mtoto apewe maji matupu!

Chumba kizima kikamgeukia Bwana Vuai. Bwana Vuai akasimama, akakohoa, akasema kwa adabu kubwa:

— Shikamoo, Shangazi. Karibu sana. Hapa kwetu mwenye kutangaza mwiko ndiye anayeanza. Basi pilau ile jikoni, na kuku yule, na uji ule wa pilipili manga, usiguse. Wewe utakunywa maji matupu mpaka mwezi uandame.

Shangazi Fatu akatazama jikoni. Sufuria ikafunuliwa kidogo. Harufu ikaja, ikakaa naye mkekani.

— Mtoto anyonye, — akasema Shangazi Fatu. — Anyonye sasa hivi, mnasubiri nini?

Mtoto akanyonya. Yale ya njano yote, akamaliza, akacheua, akalala.

Na mimi sufuria yangu imebaki ukoko. Aliyeipenda hadithi, akwangue. Asiyeipenda, aoshe sufuria. Na kama pana mjamzito hapa, yai lililobaki ni lake. Mpisheni.