Ukuta Uliomjibu Mzee Kombwe

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, nisikie pumzi zenu. Zamani hizo, babu zenu hawajazaliwa, palikuwa na mjenzi mmoja mkongwe, Mzee Kombwe. Macho yake yalikuwa yamefifia, masikio hayakufifia. Nyumba ya mawe ikijengwa kijijini, hakuhamia mtu mpaka mzee agonge kuta zote kwa fimbo. Ngo! Ngo! Ukuta mzima. Bwe! Bwe! Una uwazi ndani, bomoeni.

Palikuwa na fundi, Ngwali. Mwaka huo alipewa kazi ya nyumba ya wajane. Mawingu ya masika yakatanda, akashikwa na haraka. Mchanga wa ufukweni una chumvi, hakuuosha. Chokaa hulowekwa mwezi mzima. Yeye siku tatu.

Vibarua wakauliza, "Fundi, hii itashika?"

"Itatosha."

Jiwe juu ya jiwe. Itatosha. Itatosha.

Nyumba ikasimama, nyeupe pepepe. Wajane saba wakaja na mikeka yao, jua la utosini. Mzee Kombwe akatangulia ndani na Ngwali.

Ngo! Ukuta wa kwanza. Ngo! Wa pili. Ngo! Wa tatu. Akafika ukuta wa nyuma. Bwe!

Akashusha fimbo. Ukuta ukajigonga wenyewe. Bwe.

Ngwali akarudi nyuma hatua moja. Mara ndani ya mawe ikatoka sauti nyembamba, ya taratibu. Ilikuwa sauti ya Ngwali mwenyewe.

"Itatosha... itatosha..."

"Umesikia, mwanangu?"

"Sijasikia kitu, babu."

Mzee Kombwe akaketi chini, akaegemeza mgongo kwenye ukuta ule ule.

"Babu, toka hapo!"

"Kwa nini? Si umesema hakuna kitu?"

Vumbi likaanza kumwagika. Chururu, chururu. Likamjaa mzee mabegani, asijipanguse.

"Haya, waite wajane waingie."

Bi Mize, mkubwa wao, alikwisha kuinua mguu mlangoni. Ngwali akauona ule mguu.

"Usiingie, mama!" akalia. "Mchanga sikuuosha! Chokaa haikuiva! Nilijua, babu. Nilijua tangu jiwe la kwanza!"

Sauti ikakatika. Mzee akainuka, akamshika mkono. "Sasa twende."

Walipofika nje tu, krrr... puuu! Ukuta wa nyuma ukaporomoka.

Hakuumia mtu. Bi Mize akamtazama Ngwali, akamtazama, kisha akakunja mkeka wake. "Tutangoja," akasema.

Masika yote wajane walikaa kwa majirani. Ngwali akachimba shimo jipya la chokaa. Akaosha mchanga kwa maji ya kisima, kapu kwa kapu, akiuonja kwa ulimi. Kila safu ya mawe, akamwita mzee aikague. Safu ya saba mzee hakuja. Alikuwa amefariki.

Ngwali akaenda kwa Bi Mize. "Mama, wewe ndiye utakayeishi humu. Njoo ukague. Usiporidhika, nabomoa."

Basi, wanangu, ukijua kazi yako ina kasoro, iseme mapema, kabla mtu hajaingia.

Nami nilisimuliwa mpaka hapo, na hapo ndipo ninaponyamaza.