Mafundo Nane ya Akimu Chirwa

"Pima kamba kabla hujampima mshika kamba."

Bibi Eufrazia Kinunda alisema hivyo na kuendelea kuchambua maharage. Wajukuu wake watatu walikuwa wametoka uwanjani wakimlalamikia mwalimu aliyeshika saa ya mbio, kwamba amempendelea mkimbiaji wa shule nyingine. Wakamuuliza kamba na saa vina uhusiano gani. Bibi akasogeza ungo kando, akawaambia wakae.

Methali hii ilianza hivi.

Zamani, kabla meli hazijawa na mitambo ya kuonyesha mwendo, meli ya moshi iitwayo Mbayuwayu ilikuwa ikibeba abiria na magunia ya mpunga katika Ziwa Nyasa, kutoka Manda kwenda Mbamba Bay. Msaidizi wa nahodha aliitwa Benedikto Haule. Alikuwa mchapakazi, lakini moyo wake haukumwamini mtu. Hata maji ya mtungini hakuyanywa mpaka amechungulia ndani.

Siku hizo mwendo wa meli ulipimwa kwa kamba. Kamba ndefu ilipigwa mafundo kwa nafasi zilizo sawa, na kwenye ncha yake kikafungwa kibao chenye kipande cha risasi kama uzito upande mmoja. Kibao kilitupwa nyuma ya meli, kikasimama wima majini, meli ikakiacha na kamba ikawa inafunguka. Wakati huo huo chupa ya mchanga ya kupimia muda iligeuzwa. Mchanga ukiisha, kamba ilikamatwa. Yakiwa yamepita mafundo manane, basi meli inakwenda maili nane za kibaharia kwa saa.

Mshika kamba wa Mbayuwayu alikuwa Akimu Chirwa, mtu wa ng'ambo ya ziwa, kutoka Nkhata Bay. Alikuwa mkimya. Tena, kabla ya hapo alikuwa ametumikia kwa miaka mingi meli nyingine, iliyogombea mizigo ile ile.

Mwezi wa tisa ukaingia, meli ikapata kamba mpya, na watu wakaanza kuchoma mashamba milimani. Moshi ukatanda juu ya ziwa hata nchi kavu isionekane mchana kweupe. Katika hali hiyo nahodha alitegemea vitu viwili tu: dira ya kumwonyesha aendako, na hesabu ya kamba ya kumwambia amefika wapi. Sasa safari moja, hesabu ilisema wamefika usawa wa Mbamba Bay. Wakageuza kuelekea pwani. Ghafla mwamba ukatokea mbele, karibu kiasi cha kuwaona ndege aina ya mnandi wakikausha mabawa juu yake. Mitambo ikarudishwa nyuma, wakaponea chupuchupu.

Nahodha Hilarion Komba alisema labda upepo uliwazuia. Benedikto hakuamini. Upepo gani, wakati ziwa lilikuwa limelala?

Tangu siku hiyo akaanza kumchunguza Akimu. Alimwona hampi mtu mwingine kamba aikunje. Alimwona anasogeza midomo akihesabu, kana kwamba anatafuta namba ya kusema. Siku moja Akimu alimwambia kwamba kamba hii mpya ina matata. Benedikto akamuuliza, "Nani amekutuma useme hivyo?" Akimu akanyamaza, na ule unyamavu nao Benedikto akauweka pamoja na mengine. Kisha asubuhi moja bandarini Manda akamkuta amechuchumaa, ameinyoosha kamba, anaipima kwa pima za mikono yake. Akajisemea, huyu anatafuta pa kusogeza mafundo. Atatupeleka mwambani, na mizigo yote irudi kwa mabwana zake wa zamani.

Hakuyaweka moyoni. Alimnong'oneza fundi wa mitambo, fundi akamwambia mpishi, na kabla ya wiki kwisha wanawake wauza dagaa pale Manda walikuwa wakimwona Akimu anapita, wanaacha kuzungumza.

Safari iliyofuata waling'oa nanga saa kumi na mbili asubuhi. Moshi ulikuwa mzito kuliko siku zote. Kila saa Akimu alipotupa kamba, Benedikto alisimama begani kwake. Chupa ya mchanga aliishika mwenyewe. Mafundo aliyahesabu mwenyewe. Kila mara yalikuwa manane, wala hilo halikumtuliza. Alizidi kuona hila iliyofichwa ndani zaidi.

Ilipofika saa sita mchana, Nahodha Komba alipiga hesabu: saa sita, mafundo manane, maili arobaini na nane. Mbamba Bay iko upande wa kushoto. Akainua mkono kumwashiria mshika usukani ageuze.

"Nahodha, subiri," Benedikto akasema. "Hesabu hiyo ni ya mtu huyu. Amechezea mafundo. Nimemwona kwa macho yangu."

Nahodha akashusha mkono.

"Chirwa, una la kujibu?"

"Nina moja, Nahodha. Usigeuze meli. Kamba ipimwe kwanza."

"Ipimwe ya nini?" Benedikto akadakia. "Mafundo yale niliyafunga mimi mwenyewe, ghalani, kwa futi, moja baada ya jingine."

"Ndiyo, nilikuona," Akimu akasema. "Ilikuwa mpya, na ilikuwa kavu. Hukuiloweka."

Benedikto aliinama akaishika kamba.

Nahodha aliamuru mitambo ipunguzwe. Kwenye mbao za sitaha kulikuwa na misumari miwili ya shaba, iliyopigwa na waunda meli kuonyesha nafasi halali kati ya fundo na fundo. Wakaitandaza kamba pale, ikiwa bado inachuruzika maji. Fundo la kwanza likawekwa kwenye msumari wa kwanza. Fundo la pili halikuufikia wa pili. Lilipungua hatua mbili nzima. Wakapima nafasi iliyofuata, ikawa vile vile. Wakapima zote. Hakuna fundo lililosogezwa. Kamba nzima ilikuwa imenywea kwa maji, mafundo yamekaribiana, na kwa hiyo yalipita mengi kuliko mwendo wenyewe.

"Saba na kidogo," Nahodha alisema baada ya kuhesabu upya. "Tuko nyuma kwa maili tano."

Wakaendelea mbele bila kugeuza. Punde moshi ukapasuka kidogo upande wa kushoto, na wote wakaiona miamba, mirefu, imejipanga kama meno, mahali pale ambapo wangekuwa wameingia. Abiria mmoja aliyebeba mtoto aliketi chini.

Benedikto alimfuata Akimu nyuma ya meli.

"Kwa nini hukuniambia waziwazi?"

"Nilianza kukuambia, ukaniuliza nani amenituma. Mtu akiulizwa hivyo, Bwana Haule, atajibu nini aaminike? Ndipo nikaanza kuipima peke yangu, nipate hakika kabla ya kumwendea Nahodha."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini maneno yako yameshashuka bandarini, nayo mimi siwezi kuyakusanya."

Walipofika Mbamba Bay, Akimu alichukua begi lake. Nahodha alimsihi abaki, akamwahidi kuwaambia watu wote ukweli. Akimu akashukuru, akasema atapata chombo cha kumvusha kwao. Alimpa Nahodha mkono, kisha Benedikto. Akiwa ameukanyaga ubao wa kushukia, aligeuka, akasema kwa sauti ya kawaida, kila aliyekuwa sitahani akasikia:

"Siku nyingine, Bwana Haule, pima kamba kabla hujampima mshika kamba."