Mbiu ya Maji

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa mbiu.
Mbiu gani?
Ya kutangazia mafuriko. Sogeeni motoni, na mwenye usingizi akalale kwao, maana hadithi hii naisimulia kwa hasira.

Hapo zamani za kale wanyama walijenga mji bondeni, kando ya mto. Ardhi ilikuwa na rutuba, lakini mto ule ulikuwa na tabia yake: mvua hunyesha milimani, huku bondeni jua linawaka, mara maji yanashuka ghafla. Wazee wakaweka sheria. Tumbili akae juu ya mti mrefu na mbiu ya pembe. Mbiu ikilia, kila nyumba ichukue furushi lake la unga na chumvi, wapande kilimani. Na kila mzee asiyejiweza akapewa jirani mwenye nguvu wa kumbeba.

Digidigi alikuwa na mama yake, kikongwe, miguu imekufa ganzi. Wa kumbeba alikuwa jirani yao Pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, mwenye mgongo mpana kama kitanda. Kila siku Digidigi alilikagua furushi, akasema, "Mama, mbiu ikilia na Pofu akija, tutapona."

Akaja kutawala Jumbe Ngiri, mtu wa kujipenda. Siku ya harusi ya mwanawe akamwamuru Tumbili, "Piga mbiu, watu waje kula!" Mbiu ikalia. Digidigi akamkokota mama yake hadi kilimani, jasho likimtoka, kumbe wenzake wanakula pilau. Akashuka amefura.

"Jumbe, mbiu hii ni ya maji!"
"Ewe Digidigi, maji yako wapi?"
Watu wakacheka.

Jumbe akarudi kutoka safari, akataka karamu. Mbiu ikalia. Digidigi akamkokota mama yake, akashuka tena.

"Jumbe, mbiu hii ni ya maji!"
"Ewe Digidigi, maji yako wapi?"
Watu wakacheka. Pofu naye akacheka, mdomo umejaa wali.

Mara ya tatu Jumbe alishonewa kanzu mpya. Kanzu, jamani! Mbiu ya kuokoa roho ikalia kwa ajili ya kanzu! Na unga wa mafurushi ukapikwa uji wa wageni.

"Jumbe, mbiu hii ni ya maji! Yakija kweli, utatuitaje?"
"Ewe Digidigi, maji yako wapi?"
Wakacheka hadi wakashika mbavu.

Basi alasiri moja, jua kali, Tumbili akaona maji mekundu yakishuka na miti mizima. Akapiga mbiu. Akapiga, akapiga, akapiga, hadi mashavu yakamuuma. Na watu wakafanya nini? Wakachukua sahani! Wakateremka mbio hadi uani kwa Jumbe, pale chini kabisa karibu na mto, wakigombea mkeka wa mbele.

Digidigi akakimbilia kwa Pofu. "Kaka Pofu, njoo umbebe mama!"
"Nikirudi, dada. Nikichelewa wali utaisha." Akampita na sinia lake.

Digidigi akamkokota mama yake peke yake. Walipofika kwenye mteremko, kikongwe akakaa chini.
"Niache, mwanangu."
"Sikuachi, mama."
Maji yakawafika magotini, yakawafika kiunoni, yakawafika shingoni. Digidigi akajikuta juu ya jiwe, ameshika kipande cha kanga ya mama yake.

Wenye miguu mirefu walipona. Wenye kujua kuogelea walipona. Wazee wa mji ule hakupona hata mmoja.

Jumbe Ngiri akasimama juu ya kilima, kanzu inachuruzika. "Ndugu zangu, haya ni mapenzi ya Mungu. Tumbili, piga mbiu tuanze matanga."

Digidigi akampokonya Tumbili mbiu. "Mvua ni ya Mungu, Jumbe. Mbiu ilikuwa mikononi mwako! Uliniuliza maji yako wapi. Maji ndiyo hayo. Sasa nakuuliza mimi: mama yangu yuko wapi?"

Hakuna aliyecheka. Pofu alitazama chini. Digidigi akaipiga ile pembe jiweni, ikapasuka vipande vipande.

Tangu siku hiyo Digidigi hategemei pembe ya mtu. Akiona hatari hupuliza kwa pua yake mwenyewe, zik! zik! zik! Hapulizi kwa harusi, hapulizi kwa safari, hapulizi kwa kanzu. Na wanyama wote wakimsikia hutimua mbio, hakuna anayetafuta sahani.

Hadithi yangu imefika kituoni. Funzo lake ni hili: chombo cha hatari kisifanywe cha karamu, na aliyepewa mzee wa kubeba, ambebe. Nanyi mnaochekelea, kabla ya kulala nionyesheni furushi la bibi yenu. Kama mmeshalipikia uji, basi nileteeni na mimi bakuli, maana nimefoka hadi njaa imenishika.