Kitambaa Kimoja, Mizinga Saba

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati ukungu wa mtoni ulikuwa ukilala mpaka saa nne bila kuulizwa na yeyote, aliishi Sange na watoto wake watatu. Sange ni yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu isiyotulia. Alikuwa kibarua wa Nyegere, bwana mwenye ngozi nene, kucha ndefu na usingizi usiokwisha.

Nyegere alikuwa na mizinga saba, imening'inia kwa safu kando ya mto. Haikufunguliwa ovyo. Kila siku ulifunguliwa mmoja tu, ule uliofungwa kitambaa chekundu. Ukishakombwa asali, kitambaa kinahamia kwenye unaofuata. Nyuki walikijua kitambaa hicho. Mwenye nacho walimwacha, asiyekuwa nacho, lo, alirudi nyumbani mkewe asimtambue!

Msimu mzima Sange alifukiza moshi na kusafisha mizinga. Desturi ya kule ilikuwa kwamba mtunza mizinga akimaliza msimu hupewa safu yake ya mizinga, sawa na ya mwenye mali. Kiangazi kilikuwa kimekaribia, na nyumbani kwa Sange hamkuwa na akiba yoyote. Moshi ulipopanda polepole na nyuki wakinong'ona nzzz, nzzz, alisinzia kidogo akaiona safu hiyo mbele yake, na watoto wameshiba.

Siku ya malipo ikafika. Wanyama wakakusanyika mbele ya Nyati, mkuu wa mji. Nyegere akakichana kitambaa chake katikati, chraaa! Akampa Sange nusu.

"Haya, Mama Sange. Safu yako hiyo."

"Iko wapi, Bwana?"

"Si umeshika kitambaa? Changu kimefungwa mzinga wa kwanza, na chako kifunge hapohapo. Tuko sawa! Ha! Ha! Haaa!"

Wanyama wakaangua kicheko. Sange aliumia moyo, machozi yakamlengalenga. Msimu mzima wa moshi machoni, kwa kipande cha nguo! Akakitazama kile kitambaa, akakigeuza, na pua yake ikaanza kuchezacheza.

"Mzee Nyati," akasema taratibu, "mizinga inayoonyeshwa na kitambaa hiki ni yangu?"

"Bwana Nyegere, ndivyo?" akauliza Nyati.

"Ndivyo, ndivyo! Akitafune na wanawe washibe!"

Kesho yake, ukungu ungali mzito hata mto hauonekani, Sange alitembea kama anayeota mpaka kwenye mzinga wa kwanza. Nyuki wakanusa kitambaa, nzzz, wakampisha. Akakomba asali yote, akahamisha kitambaa chake kwenye mzinga wa pili, akaenda zake.

Nyegere akaja mchana akipiga miayo. Akafungua. Tupu!

"Aa, labda niliula jana," akajiambia, akasogeza kitambaa chake. Siku ya pili, mzinga wa pili, tupu. Siku ya tatu, mzinga wa tatu, tupu vilevile.

"Naota?" Akajifinya. "Aii! Siyo ndoto!"

Siku ya nne akajikaza kisabuni, akaamka mapema. Akamkuta Sange asali imemfika viwikoni.

"Mwizi! Unakula asali yangu!"

"Yako, Bwana? Mimi nafungua mzinga wenye kitambaa changu."

"Lakini mizinga ni yangu!"

"Na yangu pia. Vitambaa ndivyo viwili. Mizinga ni ileile saba."

Nyegere akaenda kwa Nyati mbio, pu! pu! pu!

"Mzee, nilimpa kitambaa tu!"

"Mbele yetu ulisema umempa safu."

"Basi akirudishe!"

"Kilichotolewa mbele yangu hakinyang'anywi."

Safari hii wanyama walimcheka yeye. Nyegere akanywea.

"Mama Sange, nifanye nini? Utanimalizia!"

"Nipe safu ya kweli," akasema Sange. "Chonga mizinga mingine saba. Gawa nyuki na masega, mzinga kwa mzinga, mpaka ndani kabisa. Hapo kitambaa changu kitatembea kwangu na chako kitatembea kwako. Nikila mimi, wewe hutapungukiwa."

Nyegere akachonga, ko! ko! ko! Akagawa nyuki, nao wakamuuma puani, midomoni, kila palipokuwa laini. Alipomaliza alikuwa amevimba hivi, macho hayaonekani.

Sange akazunguka mizinga yake yote saba. Kila mmoja aliutegea sikio. Nzzz. Nzzz. Nzzz. Uliponong'ona na wa mwisho ndipo akatabasamu, akawaita wanawe waje kula.

Nanyi wanangu, mkiambiwa mmepewa sawa na mwenzenu, chungulieni ndani kabla hamjashukuru.